Hukumu ya deni ya 2018 ilishafutika kwenye rekodi, benki bado imetunyima mkopo wa nyumba. Nini tena?

#1 MpangajiSugu
Wakuu salaam. Niko Coventry, Uingereza, na kuna jambo linanikosesha usingizi.

Machi 2018 nilipigwa CCJ (County Court Judgment, hukumu ya deni ya mahakama) ya paundi 1,140, deni la mkataba wa simu lililobaki nyuma nilipohama Reading. Hati ya madai ilipelekwa anwani ya zamani, hukumu ikatoka mimi sina habari. Nilikuja kuijua nilipoomba kadi ya benki nikakataliwa. Mwaka 2020 nikalipa yote, ikaandikwa kwamba imelipwa. Machi 2024, miaka sita ilipotimia, ikafutika kwenye rekodi. Nimekagua mwenyewe taasisi tatu zinazotunza rekodi za mikopo, Experian, Equifax na TransUnion, kote kweupe.

Sasa mimi na mke wangu tumeomba mkopo wa nyumba. Kianzio tunacho, asilimia 10. Benki ikatupa jibu la awali kwamba tunafaa, tukatafuta nyumba, muuzaji akakubali bei. Maombi kamili yalipoingia, hapana. Sababu hawasemi, eti "hamkukidhi vigezo vyetu vya ndani".

Mimi naamini hawa jamaa wana orodha yao ya siri, ukishaingia hutoki. Hiyo miaka sita ni ya kutupoza tu. Anayebisha abishe.

#2 JaLuton
Nabisha. Orodha ya siri haipo. Ipo rejista moja, Register of Judgments, Orders and Fines, inatunzwa na Registry Trust, na si siri hata kidogo: yeyote akilipa ada ndogo anatafuta jina analotaka. Hukumu inakaa miaka sita kuanzia siku ilipotolewa, kisha inatoka yenyewe, iwe umelipa au hujalipa. Usitafute mchawi.

#3 Mama Wawili
JaLuton umejibu swali ambalo hakuuliza. Kama imetoka, mbona kanyimwa?

Kaka Mpangaji, kwenye fomu waliuliza vipi? Benki nyingine inauliza "katika miaka sita iliyopita". Nyingine inauliza "umewahi kuwa na CCJ", na hapo hakuna ukomo. Ulijibu nini?

#4 MpangajiSugu
Dada, maswali aliuliza mama mmoja wa benki kwa simu, yeye ndiye aliyejaza. Nakumbuka la kufilisika. La CCJ silikumbuki.

#5 KijitiChaNgoma
Hapo ndipo ulipoliwa. Ungesema tu "sijawahi", nani angejua? Rekodi si nyeupe?

#6 Mama Wawili
Kijiti, usimtie mwenzio kitanzini. Kudanganya kwenye fomu ya mkopo ni udanganyifu kwa Sheria ya Fraud ya 2006. Na benki ikikutilia shaka inaweza kukuwekea alama Cifas, kumbukumbu ya kuzuia udanganyifu, ambayo benki nyingine zinaiona, nayo inaweza kukaa miaka sita. Utatoka kwenye CCJ uingie kwenye balaa zaidi.

#7 Karani Mstaafu
Nimefanya kazi miaka mingi katika ofisi ya kukusanya madeni, sitaitaja. Ngoja niseme jambo ambalo watu wengi wanalichanganya, hata wanaojua kusoma ripoti zao.

Deni moja linaweza kuacha alama mbili kwenye rekodi. Ya kwanza ni akaunti yenyewe: mkopeshaji anaandika kwamba umeshindwa kulipa, na alama hiyo inakaa miaka sita toka tarehe ya kushindwa. Ya pili ni hukumu, nayo ina miaka sita yake, toka siku mahakama ilipoamua. Saa hizi mbili hazianzi pamoja. Kwa Sheria ya Ukomo ya 1980, deni la kawaida la mkataba England na Wales linaweza kufikishwa mahakamani ndani ya miaka sita. Sasa fikiria kampuni inayonunua madeni chakavu imekaa nalo mpaka mwaka wa tano na ushee, ndipo ikafungua kesi. Alama ya kwanza inakaribia kutoka, ya pili ndiyo kwanza inaingia. Nimewaona watu waliofutiwa wakafurahi, mwezi uliofuata wakakuta hukumu mpya ya deni lilelile, tena kwa jina la kampuni wasiyoijua. Deni moja linakuandama karibu miaka kumi na miwili.

Kwako Mpangaji hesabu hii haikukamati, kwa sababu tarehe zako zote mbili zimepita. Lakini kuna kumbukumbu nyingine ambayo haimo Experian wala popote, kumbukumbu ya benki yenyewe. Ukiwahi kuwaachia hasara wao, au kampuni dada iliyo chini ya mwamvuli wao, wana haki ya kutumia kumbukumbu zao. Ulishawahi kukopa kwenye benki hiyo?

#8 MpangajiSugu
Hapana mzee. Nina akaunti ya mshahara tu, nyingine kabisa.

#9 KijitiChaNgoma
Basi ni nyumba mnayokaa. Aliyepanga kabla yenu alikuwa na madeni, yamewarukia.

#10 BintiPemba
Hilo lilishapitwa na wakati, Kijiti. Aliyekaa kabla yako hakuhusu. Wanaokuhusu ni wale uliofungamana nao kifedha: akaunti ya pamoja, mkopo wa pamoja. Hata mume na mke wanaolala chumba kimoja, kama hawana chochote cha pamoja benki, rekodi zao hazigusani mpaka siku wanapoomba mkopo wa nyumba pamoja.

Kwa hiyo Mpangaji: yako umekagua kote kutatu, hongera. Ya shemeji umeiona?

#11 MpangajiSugu
Nimemuuliza sasa hivi, nusura chakula cha usiku kiniponyoke. Anasema yake safi kuliko yangu. Ila zamani alikuwa na akaunti ya pamoja na dada yake, walipokuwa wanakaa wote Leicester. Waliifunga.

#12 BintiPemba
Haya, hapo pana jambo. Kuifunga akaunti hakufuti ufungamano. Unabaki kwenye rekodi mpaka mmoja wao aandike kuomba utenganishwe, na ni vizuri aombe kwenye kila taasisi kati ya zile tatu. Kama huyo dada ana CCJ au alama za kushindwa kulipa, benki inaweza kuziangalia inapompima mkeo. Hukumu iliyowanyima nyumba huenda hata si yako.

#13 JaLuton
Loh! Mke alikuwa anakuona wewe ndiye mkosi wa familia.

#14 Mwana wa Mzizima
Mimi naona wote mnazunguka mbuyu. Tazameni jina. Hati za mahakama mara nyingi hazina tarehe ya kuzaliwa. Zina jina na anwani, basi, na hukumu inaunganishwa na rekodi yako kwa hivyo viwili. Sasa sisi na majina yetu: pasipoti ina matatu, mkataba wa simu una mawili, benki imeanza na la babu. Kaka yangu mkubwa na marehemu mzee wetu walikuwa na jina moja, nyumba moja. Hukumu ya kaka ikakaa kwenye rekodi ya mzee, mtu ambaye hajakopa hata kiberiti. Ilimbidi mzee aandike na kutuma nakala za vitambulisho ndipo ikaondolewa.

Mpangaji, tafuta kwenye rejista yenyewe majina yako kwa mpangilio wote, na anwani zote ulizokaa. Usitosheke na zile ripoti tatu.

#15 MpangajiSugu
Duh. Nina mpangilio wa majina wa aina nne. Asante, hilo nalifanya.

#16 Nyundo na Msumeno
Samahani kuingilia uzi wa mtu. Mimi nina hukumu ya 2015, paundi elfu sita na kitu, mkopo wa benki. Sijalipa hata senti. Imeshatoka kwenye rekodi tangu 2021 na hakuna aliyenitafuta. Nataka kununua nyumba mwakani. Nikae kimya, au vipi? Si imekufa?

#17 KijitiChaNgoma
Imekufa. Miaka sita ikipita deni linafutika kisheria. Nunua nyumba mkuu, utualike.

#18 Karani Mstaafu
Haijafa, na uzi huu utamponza mtu.

Ile miaka sita ya ukomo ni ya kufungua kesi. Kesi ikishafunguliwa na hukumu ikatoka, habari ni nyingine. Mdai akitaka kumtuma dalali wa mahakama baada ya miaka sita, anatakiwa kwanza aombe ruhusa ya mahakama, na mara nyingi haipati kama hana maelezo ya maana ya kuchelewa. Hiyo ndiyo asili ya uvumi kwamba "imekufa". Lakini njia nyingine hazihitaji ruhusa hiyo. Ipo amri ya kuweka deni juu ya nyumba yako, wanaiita charging order, inasajiliwa HM Land Registry kwenye hati ya nyumba. Leo huna nyumba, hawana pa kuiweka. Siku jina lako linapoingia kwenye hati, wanapo. Kampuni za kununua madeni zinafuatilia hayo, nimekaa kwenye dawati hilo.

Wakiisajili, hutafukuzwa kesho. Kwa madeni ya mikopo ya kawaida hawawezi hata kuomba nyumba iuzwe kama deni ni chini ya paundi 1,000, na likizidi hapo bado jaji anapima. Ila ukitaka kuuza au kuhamisha mkopo kwenda benki nyingine, deni liko pale linakusubiri.

#19 Nyundo na Msumeno
Sasa wewe mzee umenimaliza. Basi naandika nyumba jina la mke.

#20 JaLuton
Wanaume wa humu, kila tatizo dawa yake "jina la mke". Siku akikuacha utafungua uzi mwingine.

#21 BintiPemba
Nyundo, hata bila kuachwa: ukihamisha mali makusudi ili mdai asiifikie, kifungu cha 423 cha Sheria ya Ufilisi ya 1986 kinaruhusu mahakama kuirudisha. Na mkeo atahitaji kipato cha kubeba mkopo peke yake.

Zungumza nao kabla ya kununua. Hukumu ya muda mrefu hivyo, wengi wanakubali kiasi pungufu wakiambiwa ni malipo ya mara moja. Pata makubaliano kwa maandishi kwanza, ndipo ulipe. Kulipa sasa hakuirudishi kwenye rejista, hilo usiliogope. National Debtline na StepChange wanashauri bure.

#22 Karani Mstaafu
Naongeza tu: kama deni lilikuwa la mkopo unaosimamiwa na Consumer Credit Act (sheria ya mikopo ya watumiaji), riba ya asilimia 8 ya hukumu hailiangukii, hata kama limezidi paundi 5,000. Wakikuletea hesabu iliyovimba, uliza riba hiyo imetoka wapi.

#23 Nyundo na Msumeno
Asante mzee. Naenda kutafuta karatasi.

#24 Mama Wawili
Narudi kwa Mpangaji, maana kuna kitu alikiruka. Kaka, hukumu yako ilitoka bila wewe kujua. Kwa nini ulilipa tu, hukuomba itenguliwe? Ikitenguliwa inaondoka kabisa kama haikuwahi kuwepo, si kusubiri miaka sita. Hapo hata swali la "umewahi" lingekuwa na jibu jingine.

Yangu niliitengua. Niliona tu kwenye ripoti: jina langu, anwani ya zamani, kiasi, tarehe, jina la mahakama na namba ya kesi. Aliyenishtaki hayupo, kwa sababu wakati huo rejista haikumtaja mdai. Ikabidi nipige simu mahakamani na ile namba, ndipo nikaambiwa ni nani. Nikajaza fomu N244, ya maombi kwa mahakama, pamoja na maelezo yangu. Nikaambatisha mkataba wa nyumba mpya, bili ya kodi ya halmashauri, na barua pepe niliyokuwa nimewaandikia kampuni kuwaambia nimehama.

Kesi ilisikilizwa kwa simu. Jaji hakutaka hadithi ndefu. Aliuliza ulijua lini, na baada ya kujua ulifanya nini. Kisha akamgeukia wakili wao: "Barua pepe hii mliipokea?" Wakili akasema analitafuta faili. Kimya kikawa kirefu, nasikia karatasi zinafunuliwa upande wa pili. Jaji akatengua.

Kanuni inasema hati inaweza kupelekwa makazi yako ya mwisho yanayojulikana, na hiyo inahesabika umepewa hata kama hukuiona. Ila kama mdai ana sababu ya kujua huishi tena pale, lazima afanye juhudi kukutafuta. Barua pepe ile ndiyo iliyoniokoa. Na kesi haikufa, ilianza upya, nikajitetea, tukakubaliana kiasi.

#25 MpangajiSugu
Dada, ada yake ilinitisha. Na nilikuwa kweli nadaiwa.

#26 Mama Wawili
Ada imepita paundi 300 siku hizi, ni kweli. Wenye kipato kidogo wana msamaha wake, Help with Fees. Na hilo la "nilikuwa nadaiwa" ni hoja nzito: kama huna utetezi na hati ilipelekwa kihalali, jaji anaweza kukukatalia. Kuchelewa nako kunaua.

#27 KijitiChaNgoma
Rafiki yangu alilipa, mdai akasaini kukubali itenguliwe, ikatenguliwa. Ada yenyewe nusu na chini ya hapo. Rahisi.

#28 Karani Mstaafu
Wapo waliofanikiwa hivyo, na wapo walioambiwa na jaji kwamba mahakama si mahali pa kusafishia rekodi ya mikopo. Nimeona yote mawili. Inategemea umekaa mbele ya nani, na kama kuna sababu nyingine zaidi ya "nimelipa". Njia ya uhakika ni moja: ukilipa yote ndani ya mwezi mmoja toka tarehe ya hukumu, inaondolewa. Mwezi huo unahesabiwa toka hukumu, siyo toka ulipoijua, na ndiyo maana waliohama hawaiwahi.

#29 Mbuyu wa Glasgow
Nyie wa kusini mnaongea kama Uingereza yote ni yenu. Huku Scotland hatuna CCJ, tuna decree, na deni la kawaida lisilofikishwa mahakamani linazimika kabisa baada ya miaka mitano. Kwenye rekodi decree nayo inakaa sita. Anayesoma uzi huu akiwa Aberdeen asikimbilie N244.

#30 KijitiChaNgoma
Mimi nina CCJ mbili, moja ya kodi ya halmashauri na moja ya faini ya kuegesha gari ya halmashauri. Zitanizuia?

#31 BintiPemba
Hizo si CCJ. Kodi ya halmashauri inakwenda mahakama ya mahakimu, wanapewa amri ya kudai, haiingii kwenye rejista ya hukumu. Faini ya halmashauri ya kuegesha inasajiliwa kituo cha Northampton, nayo haiingii. Inayoingia ni ya kampuni binafsi za maegesho, zile za maduka makubwa, wakikushtaki ukapuuza. Madalali watakuja mlangoni kwa zote, lakini rekodi ni jambo jingine.

Kijiti, umeshauri watu uzi mzima na hujui unachodaiwa?

#32 KijitiChaNgoma
Ushauri ni bure dada.

#33 Dalali Halali
Nimesoma toka mwanzo. Natafutia watu mikopo ya nyumba, na nasema hivi: mmeng'ang'ania hukumu iliyokwisha, wakati huenda haihusiki kabisa.

Jibu la awali kwa kawaida ni ukaguzi mwepesi ambao wakopeshaji wengine hawauoni. Maombi kamili yanaacha alama, na hapo ndipo binadamu anafungua taarifa za benki za miezi mitatu, ukurasa kwa ukurasa. Anatafuta kamari, mkopo wa haraka, akaunti inayozama chini ya sifuri kila tarehe 25. Na kwa sisi kuna lingine: pesa za kila mwezi nyumbani. Ukituma paundi 300 tarehe moja kila mwezi, kwake huo ni wajibu, anautoa kwenye uwezo wako wa kulipa.

Halafu kianzio cha asilimia 10 kina vigezo vikali. Watu hao hao, wakija na 15 au 20, wanapimwa kwa jedwali jingine. Mwenye hukumu ambayo bado ipo, wakopeshaji wanaangalia ina umri gani, ya kiasi gani, imelipwa au la, na ziko ngapi. Iliyolipwa yenye miaka minne inapata mkopeshaji maalumu, kwa riba ya juu. Iliyotoka, benki nyingi za kawaida haziiulizi.

Na msiangalie zile alama (score) mnazoonyeshwa kwenye simu. Benki haizioni hizo, inapiga hesabu yake.

#34 JaLuton
Dalali kafika, na jina lake anasema yeye ni halali. Namba ya simu inakuja post inayofuata.

#35 Dalali Halali
Siweki namba. Namwambia bure: asiombe benki nyingine tatu kwa mpigo kwa hasira. Kila ombi linaacha alama, na alama za karibu karibu zinaonekana kama mtu anayezama.

#36 MpangajiSugu
Dalali, umenigusa. Natuma Tanga kila tarehe 28, ada za wadogo zangu. Lakini nilizitaja kwenye simu, yule mama akasema si tatizo.

#37 Mwana wa Mzizima
Alisema yeye. Aliyeamua ni mwingine.

#38 Karani Mstaafu
Acha kubahatisha, Mpangaji. Andika kwa benki uombe nakala ya taarifa zako zote walizonazo, pamoja na fomu kama ilivyojazwa na rekodi ya ile simu. Ni haki yako kisheria, bure, na kwa kawaida wana mwezi mmoja wa kujibu. Uombe pia kujua walitumia taasisi ipi kati ya zile tatu. Mkeo afanye hivyo hivyo kwa jina lake.

#39 MpangajiSugu
Tumetuma wote wawili leo. Mke ameandika pia kuomba atenganishwe na dada yake kote kutatu, dada amekasirika, anauliza kwani yeye ana ukoma. Na kwenye rejista nimetafuta majina manne kwa anwani ya Reading: hakuna. Ya Coventry bado.

Muuzaji ametupa mpaka mwisho wa mwezi.

#40 Mama Wawili
Dada ana deni kweli lakini?

#41 MpangajiSugu
Hajajibu hilo.

#42 BintiPemba
Mimi nabaki na dada.

#43 Dalali Halali
Mimi nabaki na Tanga.

#44 Nyundo na Msumeno
Nimepata karatasi. Mdai aliuza deni 2017, aliyenunua naye ameuza. Sasa nimpigie nani?